Mti wa Kaya Haukatwi: Jazanda, Mwiko na Wajibu wa Uhakiki wa Kiswahili katika Mjadala wa Mazingira

Utangulizi

Methali isemayo kuwa mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba husikika sana nchini Kenya wakati wa msiba wa kiongozi. Darasani nayo hufafanuliwa kwa namna moja: mti ni mkubwa wa watu, wana wa ndege ni wafuasi wake, na kuanguka ni kufa. Ufafanuzi huo hauna kosa, ila unakamilika upesi mno. Kabla ya methali hii kubeba maana ya kiongozi na wafuasi, ilihitaji mtu aliyeuona mti halisi ukianguka na makinda yakiyumba, na ilihitaji jamii iliyoona kwamba jambo hilo lastahili kutiliwa maanani. Maana ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili. Aghalabu sisi wahakiki huipita ya kwanza kama mtu anayepita kizingiti akielekea sebuleni.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza suala hilo. Hoja yetu ni kwamba uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeitazama dunia ya mimea, maji na wanyama kama ghala la jazanda, yaani mahali pa kuchota picha za kumweleza binadamu, na kwamba mazoea hayo yameufanya ushindwe kuchangia ipasavyo katika mjadala wa umma kuhusu mazingira. Kielelezo chetu kikuu ni kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kwa kuwa humo twapata usemi ambao kwao mti si picha ya kitu kingine. Tukishauchambua usemi huo, tutautumia kusomea kazi tatu za fasihi andishi, kisha tutatazama lugha inayotumiwa kuuhimiza umma kuihifadhi misitu.

Uhakiki wa kimazingira kama uwanja wenye jina lake si wa kale. William Rueckert alilitumia jina lake la Kiingereza mwaka 1978, na mkusanyiko uliohaririwa na Cheryll Glotfelty na Harold Fromm mwaka 1996 ukaupa uwanja huo nafasi imara katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika hatua zake za mwanzo, uhakiki huo ulivutiwa mno na maandishi kuhusu nchi tupu, zinazodhaniwa kuwa hazijaguswa na mkono wa mtu. Baadaye Rob Nixon, katika kitabu chake cha mwaka 2011, aliuelekeza kwenye uharibifu unaotendeka polepole na kuwaumiza maskini kwanza, naye akaitumia kazi ya Wangari Maathai kama mojawapo ya mifano yake. Kwa mhakiki wa Afrika Mashariki mwelekeo huu wa pili una manufaa zaidi. Misitu yetu ina wenyewe, na swali la nani mwenyewe ndilo linaloleta ugomvi.

Istilahi na Historia Yake

Yafaa tuanze na maneno, maana hayo ndiyo zana za kazi yetu. Neno mazingira linatokana na kitenzi zingira, ambacho hutumika pia askari wanapouzunguka mji. Mazingira, basi, ni yale yatuzungukayo. Neno hili lina faida ya kukusanya mengi, lakini limekwisha kuamua jambo kabla hatujafungua kinywa: binadamu yuko katikati, na vingine vyote viko kandoni. Mhakiki anapoorodhesha wahusika, maudhui, lugha na mandhari, huufuata mpangilio uo huo. Msitu huwekwa chini ya mandhari, na mandhari hupewa aya moja.

Neno nyika lina historia nzito zaidi. Kwa watu wa miji ya pwani, nyika ilikuwa bara kavu nyuma ya mashamba, na waliokaa huko waliitwa Wanyika. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akakaa Rabai, aliwaita Wanika, na jina hilo likaingia katika maandishi ya watawala. Hivi ni kusema kwamba watu walipewa jina la ardhi iliyodhaniwa kuwa tupu, nalo likabeba dharau ya mji kwa shamba. Kiswahili, kwa hiyo, hakina usafi kamili katika mjadala huu. Ni lugha iliyokuzwa katika mitaa ya mawe na bandari, na sehemu ya msamiati wake kuhusu msitu ni msamiati wa mtu aliyesimama mjini akitazama nje.

Katika miaka ya 1940 jamii hizo tisa, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma, zilianza kujulikana kwa pamoja kama Wamijikenda. Maana ya jina hilo ni wazi: miji kenda, miji tisa. Miji hiyo ni kaya. Mabadiliko haya hayajazingatiwa vya kutosha na wahakiki. Watu walioitwa wa porini walijibu kwa kujiita wa mijini, na miji waliyoikusudia ilikuwa ndani ya misitu. Mpaka kati ya mji na nyika, ambao Kiswahili cha pwani kiliuchora kwa uthabiti, ulifutwa kwa jina moja.

Neno kaya lenyewe linathibitisha jambo hili. Katika Kiswahili sanifu, hususan katika lugha ya takwimu na utawala, kaya ni watu wakaao na kula pamoja, na mkuu wa kaya ni yule karani wa sensa anayemuulizia mlangoni. Katika lugha za Kimijikenda kaya ni makao. Msitu uitwao leo msitu wa kaya ni ukuta uliohifadhi makao hayo. Ulipachikwa njia chache za kuingilia, na katikati ukaachwa uwanda wa nyumba, wa baraza na wa makaburi. Msomi anapoandika kuwa kaya ni msitu mtakatifu, amesema kweli nusu. Kwa mwenye kaya, msitu umetakasika kwa sababu ni nyumbani.

Kaya na Sarufi ya Mwiko

Kwa mujibu wa maelezo ya Shirika la UNESCO, kaya zilianza kujengwa katika karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimeachwa kama makazi. Masimulizi ya wenyewe huzihusisha na safari ya kutoka Singwaya, jambo ambalo wanahistoria wamelijadili sana na ambalo halitatushughulisha hapa. Mwaka 2008 kaya kadhaa, zilizotawanyika katika eneo la takriban kilomita 200 la pwani, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ziliingizwa kama urithi wa utamaduni, wala si kama urithi wa maumbile. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi zinazofungamana na kaya ziliwekwa katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa dharura. Mgawanyo huu unasema mengi. Miti iliorodheshwa mwaka mmoja na maneno yaliyoilinda mwaka mwingine, na ni maneno yaliyoonekana kuwa hatarini zaidi.

Maneno hayo ni ya namna gani? Miko ya kaya imeelezwa na watafiti wengi: hakuna ruhusa ya kukata mti, kulisha mifugo, kutoa kitu msituni wala kupita nje ya njia iliyowekwa, na anayekiuka hutozwa mnyama wa kafara na kusafishwa. Wazee wa kaya hunena miko hii kwa Kigiriama, Kidigo, Kirabai na lugha nyinginezo. Kiswahili, hata hivyo, kinalo umbo linaloweza kubeba kauli za aina hiyo, na umbo hilo lastahili kuchunguzwa. Tulinganishe sentensi tatu:

Usikate mti.
Mti haukatiki.
Mti haukatwi.

Sentensi ya kwanza ni amri kanushi. Ina msemaji mwenye madaraka na msikilizaji mmoja aliyenyoshewa kidole. Nguvu yake hutegemea msemaji: akiondoka, au msikilizaji akiwa na shoka usiku, amri imekwisha. Ya pili imo katika kauli ya kutendeka, nayo yaeleza jambo lisilowezekana, pengine kwa ugumu wa shina au ubutu wa shoka. Sentensi ya tatu haiamuru wala haidai kwamba jambo haliwezekani. Imo katika kauli ya kutendwa, na kiima chake ni mti. Mkataji hatajwi. Aliyekataza naye hatajwi. Ndilo umbo tulitumialo tusemapo kwamba mzee hatukanwi, mgeni hanyimwi maji, maiti haisengenywi. Kauli hizi huarifu jinsi dunia ilivyo kwa watu wa nyumba fulani. Anayezivunja hajamwasi mtu mmoja tu. Amejitoa katika nyumba.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya jazanda na mwiko. Katika jazanda mti husimama badala ya mtu. Katika mwiko mti husimama pale pale anaposimama mtu, katika nafasi ya kisarufi iliyokaliwa na mzee, mgeni na maiti. Haugeuzwi kuwa binadamu, maana hauzungumzi wala haulii kama miti ya hadithi za watoto. Unapewa heshima ileile kwa umbo lilelile la sentensi.

Historia ya kikoloni yathibitisha kwamba usemi huu ulikuwa na nguvu ya kweli. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo na viapo vikaliwa dhidi ya kodi, kazi za kulazimishwa na matakwa mengine ya serikali. Mnamo Agosti 1914 serikali ilikilipua kitovu cha kaya hiyo kwa baruti. Tendo hili ni la ajabu kwa anayeamini kuwa mahali patakatifu ni ishara tu, kwani ishara hailipuliwi. Watawala walifahamu kuwa kiapo kilicholiwa hapo kingepoteza uzito mahali pengine, na kwamba neno na mahali vilishikana. Kwa maana hiyo afisa wa mwaka 1914 aliisoma kaya kwa makini kuliko baadhi ya vitabu vyetu vya mwongozo, ingawa aliisoma kwa nia ya kuivunja.

Kuisoma Upya Fasihi Andishi

Je, utambuzi huu unaweza kumfaa mhakiki anayeshughulikia riwaya na tamthilia? Tuangalie kazi tatu zinazofahamika.

Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo cha mwandishi, mhusika mkuu anaacha kazi kwa tajiri mmoja Unguja na kurudi bara kulima kijijini Busutamu. Uhakiki umeridhika kwa muda mrefu na jina lake: Utubora ni utu bora, na shamba ni uwanja wa kuudhihirishia. Usomaji huo unalifanya shamba kuwa jukwaa. Tukilisoma shamba kwanza kama shamba, tunaona jambo tofauti kidogo. Utubora hakuwa na utu uliokamilika aliouleta kutoka mjini na kuuonyesha kwa majirani. Utu huo unafanywa kwa kazi ya mikono yake katika udongo, kwa subira ambayo mimea inamlazimisha kuwa nayo. Mmea hauharakishwi. Mwandishi ambaye maadili yake yamesomwa kama mafundisho matupu anaonekana hapa kuwa na nadharia ya mahali ambapo maadili hupatikana. Wakati huohuo usomaji huu unaufichua mpaka wa fikra zake: ardhi anayoisifu ni ile iliyolimwa. Pori halina sifa mpaka mkono wa mtu uliguse, na katika hilo riwaya imebaki ndani ya mtazamo wa mji na nyika tulioueleza hapo juu.

Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili, inahusu nchi ya Butangi chini ya utawala wa Mtemi Bokono. Mwelusi, mtetezi wa watu, anauawa na Gege, nduguye wa tumbo moja, na mahali pa mauaji ni kisimani. Swali lililozoeleka ni hili: kisima kinaashiria nini? Majibu huwa uhai, matumaini, rasilimali za taifa. Hatuyakatai. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa kuruka moja kwa moja hadi kwenye uhai na matumaini hataona kwamba tendo la Gege ni uvunjaji wa miko miwili. Ndugu hauawi, kisimani hakumwagwi damu. Katika nchi ambako maji ni haba, kisima ni mahali pa amani kwa sababu adui na rafiki wote lazima waje na mtungi. Damu hapo haimdhuru marehemu peke yake, maana maji hayo yatanywewa kesho na watu ambao hawakuhusika. Usaliti wa kidugu na uharibifu wa chanzo cha maji ni tendo moja, na umoja huo ndio unaoipa tamthilia uzito wa kisiasa. Tukikifanya kisima ishara peke yake, tumeikata siasa yenyewe mzizi.

Kazi ya tatu ni Walenisi ya Katama Mkangi, riwaya ya mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia na mzaliwa wa pwani. Mhusika mkuu wake, Dzombo, anafika katika nchi ambayo jina lake ni sentensi nzima: wale ni sisi. Wahakiki wameusoma mwungano huo wa maneno kama kanuni ya jamii isiyo na matabaka, na riwaya inawaunga mkono. Twaonelea kwamba swali moja zaidi lafaa kuulizwa. Dzombo ni pia jina la kilima chenye msitu huko Kwale, miongoni mwa misitu ya kaya. Hatudai kuwa mwandishi alikusudia tuufuate uhusiano huo hadi mwisho. Tunachosema ni kwamba msomaji wa pwani anapolisikia jina hilo husikia mtu na mahali kwa pamoja, na kwamba wale katika wale ni sisi hawajawekewa kikomo na sarufi. Ni akina nani hao, na je, wamo wasio watu? Riwaya haijibu, lakini uhakiki usiouliza umeifunga kazi pale ambapo mwandishi aliiacha wazi.

Lugha ya Mjadala wa Umma

Huenda ikadhaniwa kuwa haya ni mambo ya darasani. Sivyo. Kenya imekuwa na mjadala mkali wa mazingira kwa zaidi ya miongo mitatu, nao umekuwa pia mjadala wa lugha. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na mradi huo ukaachwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Katika tawasifu yake ya mwaka 2006 anasimulia jinsi mamaye alivyomkataza utotoni kuokota kuni kwenye mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi baadaye alivyoelewa kwamba mizizi ya mti huo ilihusiana na kijito kilichokuwa karibu. Mugumo ulipokatwa, kijito kikakauka. Mama hakutoa maelezo ya kisayansi. Alimpa mtoto kauli ya namna ya mti haukatwi, na kauli hiyo ilihifadhi chemchemi kwa vizazi ambavyo havikuwa na mtaalamu wa maji.

Tulinganishe hilo na lugha rasmi ya leo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 69 kinaitaka dola ijitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Desemba 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Haki na malengo hayo si ya kubezwa. Mahakama haiwezi kuamua kesi kwa methali. Hata hivyo, lugha yake ina sarufi mbili pekee: amri, yaani panda, tunza, usikate, na hesabu, yaani asilimia, hekta, mabilioni. Katika hesabu mche mmoja wa mkaratusi ni sawa na mti mmoja wa kaya wenye umri wa karne. Aliyeukata wa pili na kupanda wawili wa kwanza anaweza kutangaza faida. Mwiko haukubali hesabu hiyo, kwa kuwa nyumbani hapabadilishwi kwa nyumba mbili mahali pengine.

Kaya nyingi ni ndogo. Zilizo katika orodha ya urithi wa dunia zina ukubwa wa kuanzia takriban hekta 30 hadi 300. Kwa asilimia za taifa hazina uzito. Lakini wataalamu wa mimea wamekuta humo spishi adimu kwa wingi usiolingana na udogo wake, na uchunguzi wa miaka ya 1980 na 1990 ndio uliosaidia kaya nyingi kutangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa kuanzia mwaka 1992, chini ya usimamizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Tangazo la gazeti la serikali lilikuja kuunga mkono kauli iliyokuwapo karne nyingi. Bila kauli hiyo kusingekuwa na msitu wa kutangaza.

Pingamizi Tatu

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba tunairejesha fasihi kwenye usomaji wa kijuujuu, ambao mti ni mti basi. Hatusemi jazanda iachwe. Tunasema ipatikane kwa njia yake, yaani baada ya kitu chenyewe kutazamwa. Jazanda ya kisima katika Kifo Kisimani huwa na nguvu zaidi, si kidogo, tukishajua watu wanaohitaji maji huishije.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba kuisifu kaya ni kuisifu jamii iliyopita kana kwamba haikuwa na ukatili wala ubaguzi. Mabaraza ya kaya yamekuwa ya wanaume hasa, licha ya umaarufu wa Mekatilili. Tena mamlaka ya mwiko hutegemea wazee, na wazee hao wamo hatarini. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wanahabari na watetezi wa haki za binadamu wameeleza mara kwa mara kwamba nyuma ya shutuma hizo huwa kuna tamaa ya ardhi. Hatuwezi kuzungumzia uzuri wa usemi wa kaya huku tukinyamazia jambo hili. Kwa hakika ndilo linaloonyesha kwamba suala letu si la mapambo. Neno mzee limeondolewa katika nafasi yake ya kisarufi: aliyekuwa hatukanwi sasa anauawa. Nafasi ya mzee inapoporomoka, ya mti haiwezi kubaki imesimama, kwa kuwa zilikuwa zimeshikiliwa na umbo moja la kauli. Anayetaka kuilinda misitu ya kaya kwa uzio na walinzi, bila kushughulikia usalama wa wanaoinenea, ameanzia mwisho.

Pingamizi ya tatu yatoka kwa wenye kaya wenyewe, nayo yatuhusu sisi watafiti. Si kila kitu cha kaya ni cha umma. Mahali palipozikwa fingo, yaani kinga ya kaya, hapatajwi kwa mgeni. Historia ya vigango, nguzo za kumbukumbu ambazo Wagiriama huwasimamishia wanachama wa gohu waliofariki, inatosha kuwa onyo. Vigango husimama nyumbani kwa marehemu na having'olewi, lakini tangu miaka ya 1970 vingi viliibwa na kuuzwa kama sanaa hadi vikafika katika makavazi ya Marekani. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia moja ya Kilifi, baada ya mtafiti kuvitambua kwa msaada wa picha aliyokuwa ameipiga kabla ya wizi. Picha hiyo ilisaidia kurejesha. Lakini wapo wengine walioviona vigango na kuvijulisha kwa wanunuzi. Ujuzi uliotolewa hadharani una pande mbili, na mhakiki anayekwenda kurekodi usemi wa kaya yampasa ajue kwamba kutoandika nako ni sehemu ya kazi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina umbo la kauli linaloupa mti, kisima na mahali nafasi ya heshima bila kuvigeuza kuwa picha za binadamu, na kwamba umbo hilo linapatana na usemi ulioihifadhi misitu ya kaya. Tumeonyesha pia kwamba kazi za Shaaban Robert, Kithaka wa Mberia na Katama Mkangi hutoa maana zaidi zinaposomwa kwa kuzingatia umbo hilo. Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, swali la mtihani linalouliza kitu fulani kinaashiria nini litanguliwe na swali jingine: katika kazi hii, kitu hicho ni nini, ni cha nani, na hufanyiwa nini au hakifanyiwi nini? Ni badiliko dogo katika karatasi, lakini kizazi cha walimu hufundisha kwa mujibu wa maswali yanayoulizwa. Pili, idara zinazofundisha fasihi simulizi ziyape masimulizi na miko ya mahali hadhi ya utanzu, ili mwanafunzi wa uzamili aweze kuandika tasnifu kuhusu mwiko wa msitu kama vile anavyoandika kuhusu wawe au nyimbo za jando, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa mipaka wanayoiweka. Tatu, wahakiki waingie katika uandishi wa lugha ya umma. Mabango, miswada na matangazo ya redio kuhusu mazingira huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa haraka, na tafsiri hizo huleta amri kwa sababu amri ni rahisi kutafsiri. Wanaofahamu tofauti kati ya usikate na haukatwi ni wanafunzi wetu. Kazi hiyo ni yao na yetu, na misitu iliyobaki pwani haina muda wa kutusubiri tumalize mjadala kuhusu istilahi.